Maneno Kidogo Tu

Ukitoka Petite Barrière, kivuko cha mpaka cha kwenda Goma, ukapanda kuelekea sokoni, utaona milango miwili inayogawana ukuta mmoja. Wa kushoto ni wangu mimi, Saidati, fundi wa mishanana, yale mavazi ya harusi yanayofungwa begani. Wa kulia ni wa Umutesi, ambaye watu humwita Mama Shema, na juu yake pameandikwa Secrétariat Public. Hapo wanawake wanaouza nyanya wanapiga fotokopi za vitambulisho kabla ya kuvuka, vijana wanachapiwa barua za kuomba kazi, na kila mwenye shughuli anakuja kuandikiwa maneno.

Maneno. Siku hizi nikilisikia neno hilo nakunja uso. "Mama Shema, unifanyie maneno kidogo tu." Mchungaji anataka maneno kidogo ya kuchangisha mabati. Bosi fulani anastaafu, wenzake wanataka maneno kidogo ya kumuaga. Mtu amefiwa na mama yake, anataka maneno kidogo ya kusoma kaburini, na ukimuuliza huyo mama alikuwa mtu wa namna gani anakujibu, "Alikuwa muzuri." Umutesi anakaa, anafikiri, anamtungia mama wa watu maisha mazima. Mtu anachukua karatasi yake, anakwenda kuliza umati. Hakuna anayerudi kumwambia kwamba watu walilia.

Nina hasira, sifichi. Nyumbani wanasema hasira ni ya ukoo wetu, sisi watoto wa wafanyabiashara wa zamani, tumezoea kupiga kelele juu ya mzigo wetu. Sawa. Lakini mzigo ukibebwa na mtu mchana kweupe, na mwenyewe ndiye anayemfungulia mlango, lazima mtu apige kelele. Kama si mwenyewe, basi jirani.

Umutesi alizaliwa Goma, kwa wazazi waliokuwa wamekimbilia huko zamani, akarudi nao upande huu wa mpaka akiwa msichana. Kinyarwanda anakisema vizuri, lakini akihesabu au akiomba Mungu utamsikia ni Kiswahili. Mume wake anaendesha basi dogo la kwenda Rubona, mtu mwema ambaye hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu. Mtoto wao Shema yuko chuo Kigali. Wateja wakipungua mchana, Umutesi anafungua kwenye kompyuta hadithi yake mwenyewe na kuandika. Hiyo hadithi aliianza Shema akiwa anatambaa. Sasa Shema ana ndevu.

Ni hadithi ya Mukagasana, mjane wa huko Rugerero, mkulima wa viazi. Binti yake Nziza anaposwa na familia kubwa, baba wadogo wamekwisha kupatana, vinywaji vimekwisha kununuliwa. Asubuhi hiyo, jikoni, Nziza anamwambia mama yake kwamba yule kijana hamtaki. Basi. Wanaume wako nje chini ya turubai wanazungumza, na Mukagasana amekaa nyuma pamoja na wanawake, na wewe msomaji unangoja kujua kama atafungua mdomo. Mimi nilingoja miaka. Umutesi alikuwa na tabia ya kujisomea kwa sauti anachoandika, na ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo nimewahi kuharibu kitambaa cha mteja kwa ajili ya Mukagasana.

Kwa nini haikwisha? Watakwambia ni uvivu, au woga, au kwamba mwanamke mwenye nyumba hana nafasi. Uongo mtupu. Haikwisha kwa sababu ya mzee Protais.

Protais ni mwalimu mstaafu, mrefu, ana kofia nzuri na sauti inayofika mpaka barabarani bila kipaza sauti. Yeye ndiye msemaji wa harusi za mji huu. Siku ya gusaba, siku ya kwenda kumwomba msichana kwa wazazi wake, kila upande una msemaji wake, daima mwanamume. Upande wa mvulana unaomba. Upande wa msichana unakataa: msichana bado anasoma, msichana hatujui ni yupi mnayemtaka, msichana ameshaombwa na wengine. Wanakataa hivyo kwa utani, wanaombwa tena, wanakataa tena, watu wanacheka, na mwisho wanatoa. Kila mtu pale anajua kwamba watatoa. Utamu wote uko katika maneno, na huku kwetu, ambapo nusu ya wageni wametoka Goma, msemaji lazima ajue kuchekesha kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili pia.

Kinyarwanda Protais alikuwa nacho. Kiswahili alikuja kukichukua kwa Umutesi.

"Mama Shema, mi niko na harusi samedi. Unitafutie maneno kidogo tu, ile ya kuamusha watu."

"Muzee, ni vendredi leo."

"Njo nasema kidogo."

Umutesi angepata wapi mpya kwa haraka hiyo? Anafungua hadithi yake, anaangalia palipo pazuri, ananakili, anachapisha, anampa. Mzee anasema asante sana mtoto wangu, anaweka kofia, anakwenda. Kesho yake, Jumamosi, mimi niko harusini kurekebisha mshanana wa bibi harusi, pini mdomoni, na namsikia Mukagasana anatoka katika mdomo wa mwanamume mwenye fimbo.

Kuna mahali, pale jikoni, Mukagasana anamwambia binti yake kwa uchungu: "Wamekuja kuomba ng'ombe au kuomba mtu? Kama ni ng'ombe, zizi liko nyuma, wakachague. Kama ni mtu, wamuulize mwenyewe." Nilipoyasikia mara ya kwanza kupitia ukutani, niliacha mashine yangu nikasogea ukutani. Protais aliyachukua maneno hayo akayakata mkia. Yeye alisema, "Kama ni mtu, wakae kwanza wanywe!" Turubai zima likapasuka kwa kicheko, vigelegele, watu wakasimama kumpiga picha. Uchungu wa mama wa watu umekuwa kichekesho cha kusindikizia bia. Na Umutesi hata kualikwa hakualikwa.

Nilimvaa siku hiyo hiyo niliporudi.

"Mama Shema, juu ya nini unamupa?"

"Si maneno tu, Saidati."

"Maneno tu? Na mi nikupatie nguo ya wateja, niseme ni nguo tu?"

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanichoma. "Unajua nini? Ukiniambia batu walipiga makofi, roho yangu inaona kazi imeisha. Nikirudia kwa ile page, naikuta baridi. Sina tena nguvu ya kuiendelesha."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi. Kila alipokaribia mwisho, harusi moja ilikuja ikala kipande, makofi yakapigwa mahali ambapo yeye hayupo, na Mukagasana akabaki amekaa nyuma na wanawake, mdomo umefungwa. Mwaka ukaisha, mwingine ukaja na harusi zake.

Kisha kukawa na usomaji. Vijana wanaopenda vitabu walikodi ukumbi karibu na ziwa, wakatangaza kwamba yeyote mwenye kazi yake aje aisome mbele ya watu, na kwamba kutakuwa na mtu kutoka nyumba ya kuchapisha vitabu ya Kigali anayetafuta hadithi za Kiswahili. Nilimsukuma Umutesi wiki nzima. Nilimwambia asipokwenda nitakwenda mimi niwasimulie kwa mdomo wangu, na yeye anajua mdomo wangu ulivyo. Akakubali. Nilifunga duka, nikavaa hijabu yangu ya Idi, nikakaa mstari wa mbele.

Na nani amekaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima? Protais, na kofia yake. Walimtambulisha kuwa mtunza lugha yetu. Nikasema moyoni, vizuri, leo atasikia inavyopaswa kusomwa.

Umutesi alisoma jikoni kwa Mukagasana. Alianza kwa sauti ndogo, kisha ikakua. Alipofika kwenye ng'ombe na mtu, niliona watu wanatazamana, wanagusana viwiko, wanatabasamu. Nilidhani wamependa. Alipomaliza, kijana mmoja anaitwa Igor, mpiga video wa harusi, akanyoosha mkono.

"Madame, pardon. Hii maneno si ya muzee Protais? Alisemaka hii kwa harusi ya dada yangu. Niko nayo kwa simu."

Na akaifungua. Pale pale, mbele ya watu, sauti ya Protais ikatoka kwenye simu: ng'ombe, zizi, mtu, wakae kwanza wanywe. Na kicheko cha harusi nacho kikatoka, na watu wa ukumbini wakacheka pamoja na wale wa simuni.

"Hata mwisho yake umeiharibisha," Igor akaongeza kwa adabu kabisa. "Muzee alisema muzuri zaidi."

Nilimtazama Protais. Nikasema moyoni, sasa. Sasa huyu mzee atasimama aseme ukweli, maana ni mzee, ni mwalimu, ana wajukuu. Na kweli alisimama. Akavua kofia. Akafungua mikono kama anavyofanya harusini.

"Batoto yangu, mumuache. Maneno ni ya kila mutu. Kama binti yetu alipenda maneno yangu mpaka akaiweka kwa kitabu, mi naona ni heshima. Nimemusamehe."

Makofi! Walimpigia makofi kwa kuwa na moyo mkubwa. Yule mtu wa Kigali aliandika kitu, akafunga kalamu yake. Na Umutesi, mtu huyo, alisema nini? Alisema, "Murakoze." Alishukuru! Akakusanya karatasi zake akarudi kukaa kando yangu.

Mimi nilisimama nikapiga kelele. "Muongo! Hii mwanamuke njo alikuandikia! Mi nilisikia kwa masikio yangu, miaka yote!" Watu walinigeukia kama mtu anavyogeukia mlevi. Msichana mwenye ratiba akaja akanishika mkono taratibu. "Maman, tafadhali, tuko na programme." Protais alitikisa kichwa kwa huruma. Huruma! Mimi ndiye niliyeonekana sina adabu, na kwa kweli nilitamani kuwa na adabu ndogo zaidi ya ile niliyokuwa nayo.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika katikati ya barabara Umutesi akasimama, pikipiki zikimpigia honi kila upande.

"Amenisamehe, Saidati."

"Ondoka kwa barabara."

"Unasikia? Mi nimuandikie, na yeye anisamehe!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Dereva mmoja wa pikipiki alianza kumtukana, akaona uso wake, akapita. "Mukagasana alisema ile maneno akilia. Akilia! Batu wanacheka, na mi nasema murakoze. Mi ni mutu gani?"

Nilimvuta pembeni. Alikuwa amezikunja zile karatasi mpaka zimekuwa kama tambara. Nilitaka kumpa pole, nikaona pole itamwongezea.

Kuanzia siku iliyofuata, kila aliyekuja kutaka maneno kidogo alijibiwa kwamba hapo panapigwa chapa, maneno mtu aje nayo mwenyewe. Mchungaji alinung'unika kwamba Mama Shema amepanda kichwa. Mwanamke mmoja aliyetaka hotuba ya mahafali aliniuliza mimi kama jirani yangu ni mgonjwa. Nilimjibu kwamba amepona. Wengine walikwenda wakatafuta kwenye mtandao, wakasoma mambo ya ajabu makaburini, na mimi sikumhurumia hata mmoja.

Na Umutesi aliandika. Niliusikia mlio wa vidole vyake, alikuwa anazipiga zile herufi kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Lakini hakusoma tena kwa sauti. Siku ya kwanza nilidhani ni bahati tu, siku nyingine nikagonga ukuta.

"Mama Shema! Iko wapi Mukagasana?"

"Iko kwa mashine."

"Somea mi kidogo."

"Hapana. Hata we. Utaniambia ni muzuri, na mi nitaacha."

Nilikasirika naye, nikwambie kweli. Mimi niliyefunga duka kwa ajili yake, mimi niliyeitwa mlevi na macho ya watu! Kwa siku kadhaa nilimsalimia kwa kichwa tu. Lakini alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi.

Halafu asubuhi moja nikasikia printa inatoa karatasi, inatoa, haiachi. Nikaacha mkasi nikaenda. Alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, macho mekundu.

"Soma mwisho," akasema. "Usiniambie kitu."

Nilikaa kwenye benchi la wateja nikasoma. Mukagasana anasimama kati ya wanawake. Anavuka mikeka, anapita mbele ya baba wadogo, anafika mahali wanaposimama wasemaji, mahali ambapo mwanamke hasimami, na anasema kwamba binti yake hatolewi. Hakuna utani ndani yake. Anawahesabia wakwe siku alizomlea yule mtoto peke yake huku hao baba wadogo hawajui hata kama anakula. Anawaambia wachukue vinywaji vyao. Hakuna sentensi hata moja pale ya kuchekesha, hakuna ya kupigia vigelegele. Nilimaliza nikataka kupiga mtu. Sikumwambia kitu, kama alivyotaka, nikamrudishia karatasi.

Ndipo mlango ukajaa. Protais.

Alikuwa katika furaha yake. Harusi kubwa ilikuwa inakuja, wakwe kutoka pande zote mbili za mpaka, na yeye ndiye msemaji wa upande wa mvulana. Aliketi pale pale nilipokuwa nimekaa, akapangusa kofia.

"Binti yangu, ile siku ilipita, si njo? Mi sina kitu kwa roho. Bon, samedi unifanyie maneno kidogo tu."

"Hapana, muzee," Umutesi akasema.

Protais akatabasamu. Nililijua tabasamu hilo, nimeliona kwenye harusi zaidi ya ninazoweza kukumbuka. Ni la mwombaji anayekataliwa mara ya kwanza na kujua mchezo unaanza. Alisimama, akaweka kofia kifuani, akapaza sauti ili hata wateja waliokuwa mlangoni wafaidi.

"Wazazi wa nyumba hii! Tumetoka mbali, tumepita nyumba mingi, hatukusimama. Tumesikia hapa iko kitu muzuri. Musitufukuze na kiu!"

Wateja wakacheka. Mmoja alipiga makofi.

"Hapana," Umutesi akasema.

"Wanakataa muzuri!" Protais akawaambia wateja. Na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kwenye zile karatasi juu ya meza, akazichukua, akaanza kufunua kutoka nyuma, akitafuta palipo pazuri. Umutesi hakumzuia. Nikaruka kutaka kuzinyakua, akanitazama, nikakaa.

Alipata mahali. Akaanza kusoma kwa ile sauti ya harusi: "'Mtoto huyu nilimbeba mgongoni nikilima mashamba ya watu, na ninyi mlipita barabarani mkaangalia upande wa pili...'" Sauti ikapungua. Akaruka mistari, akafunua ukurasa mwingine, akaruka tena. Midomo ilikuwa inakwenda lakini hakuna kilichotoka.

"Mama Shema, hii hakuna mutu anaweza sema kwa harusi."

"Najua."

"Wakwe watasimama, watarudia kwao."

"Njo mwisho yake. Wanarudia kwao."

Alizishika zile karatasi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Nilimwona anageuza kichwani, anatafuta atakata wapi mkia, atatia wapi bia na kicheko. Hakuna mahali. Akajaribu tena tabasamu, na safari hii akalitoa kwa unyenyekevu wote alio nao, akainamisha kichwa kama msemaji anavyoinamisha mwishoni, ombi la mwisho, lile ambalo kila familia hulijibu kwa kutoa.

"Binti yetu. Tunaomba kwa heshima. Tupatie basi kidogo ya mbele."

Akangoja. Alikuwa mtulivu kabisa, uso umetayarishwa kupokea, maana katika maisha yake yote ya kuomba watu mabinti zao, jibu la mwisho halijawahi kuwa jingine.

Umutesi akanyoosha mkono, akachukua karatasi zake.

"Hapana, muzee."

Mzee hakuondoka mara moja. Alibaki na mikono mitupu mbele yake, akimtazama mdomo, akingoja aongeze neno. Umutesi akamwambia mwanamke wa mlangoni asogee na kitambulisho chake.